Ukurasa Ujijengao

Ukurasa wa kitabu ni kitu kilichokwisha. Mwandishi akiisha kutua kalamu yake, na mpiga chapa akiisha kufanya kazi yake, ukurasa huo haubadiliki tena. Tajiri akiufunua ataona maneno yale yale ayaonayo maskini. Mtoto ataona yale yale ayaonayo mzee. Hii ni sifa yake kubwa, maana haupendelei mtu. Na huu ndio upungufu wake mkubwa, maana haumjui mtu.

Zama hizi zimeleta ukurasa wa namna nyingine. Huo haupo mpaka uitwe. Hapana kabati wala sanduku ulimowekwa ukiwa mzima. Vilivyowekwa ni vipande vyake upande mmoja, na amri za kuviunga upande wa pili. Mtu anapopiga hodi kwa kidole chake juu ya kioo cha simu, amri huamka, huvitafuta vipande, huvipanga, na ukurasa huzaliwa mbele ya macho yake. Akijibu swali moja, ukurasa hubadilika. Swali jingine hutokea mahali palipokuwa patupu, au lililokuwapo hutoweka. Mafundi huziita amri hizo msimbo, na uso ule unaotazamana na mtumiaji huuita kiolesura. Majina haya ni mageni, lakini jambo lenyewe si geni katika visiwa vya Waswahili.

Itazame kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina. Kiwanda huweza kuliacha pindo lilivyo na mji ulivyo, kikabadili jina tu, na kanga ikawa nyingine kabisa: ya kwanza ilikuwa ya pongezi, ya pili ni ya kijembe. Umbo ni moja, neno ni mbalimbali. Umbo hilo lisilobadilika, lenye nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya kitu kitakachobadilika, ndilo waundaji wa kurasa waliitalo kiolezo. Utazame na mkeka, ambao wanawake wa Pemba wana sifa ya kuusuka. Msusi huanza na ukili, utepe mwembamba na mrefu. Kisha ukili hushonwa kwa ukili mpaka mkeka upatikane. Asukaye ukili si lazima ajue mkeka utatandikwa katika chumba gani. Ashonaye hana budi kujua. Ndivyo ilivyo katika kazi hii. Yuko atengenezaye vipande vidogo, kitufe, kisanduku na orodha, na yuko aviungaye kwa ajili ya nyumba fulani na watu fulani. Kazi ya kwanza yaweza kufanywa popote duniani. Kazi ya pili haiwezi kufanywa vema na mtu asiyeijua nyumba.

Historia ya ufundi huu ni fupi. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha fizikia cha CERN karibu na Geneva, alitoa shauri la kuunganisha maandiko ya kompyuta mwaka 1989, na kufika mwaka 1991 kurasa za kwanza za mtandao zilikuwa zinasomwa nje ya kituo hicho. Kurasa hizo zilifanana na za kitabu: ziliandikwa zikawekwa. Mwaka 1993 ilipatikana njia ya kuifanya kompyuta iliyohifadhi kurasa iendeshe programu kila inapoombwa, na iandike ukurasa papo hapo. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliwapa watu wote zana zake za kuandikia kurasa za aina hiyo, zilizokuja kujulikana kwa jina la PHP. Mwaka ule ule Brendan Eich aliunda, kwa muda wa siku kumi hivi, lugha ya JavaScript, ambayo haikukaa katika kompyuta ya mbali bali katika mkono wa msomaji mwenyewe. Mwaka 2013 ilitolewa React, ambayo fundi huieleza tu jinsi ukurasa unavyopasa kuwa katika kila hali, nayo ikabadili kile tu kilichopasa kubadilika. Yeyote atakayeifuata njia hii ataona mwelekeo mmoja: kazi ya kujenga ukurasa imekuwa ikihama kutoka kwa mwenye kompyuta kubwa kwenda kwa mwenye simu ndogo. Jambo hili, ambalo mijini ni suala la wepesi na uzuri, katika vijiji vya Pemba ni suala la kuweza au kutoweza.

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, mikarafuu na mikoko, chenye wilaya nne: Micheweni na Wete upande wa kaskazini, Chake Chake na Mkoani upande wa kusini. Mwaka 2010 waya wa umeme ulipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norwei, na kisiwa kikaacha kuyategemea majenereta ya mafuta. Lakini umeme ukifika mjini si lazima mtandao wa simu ufike katika kila bonde. Ukurasa unaoletwa kila mara kutoka mbali ungekwama njiani. Ukurasa ujengwao ndani ya simu yenyewe, kwa vipande vilivyokwisha kuwekwa humo, hausubiri mtandao. Huandikwa bondeni, hukaa kimya, na habari zake husafiri mtu apandapo kilimani.

Katika nchi hii kazi ya namna hiyo imejulikana zaidi katika afya. Kuanzia mwaka 2005 Zanzibar ilianza kuzikusanya takwimu za vituo vyake vya afya kwa programu iitwayo DHIS, iliyozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na baadaye ikajengwa upya chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la pili lilianza kutoka mwaka 2006. Ndani ya programu hiyo hapana fomu iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya kila ugonjwa. Kuna orodha ya vitu vinavyohesabiwa, na programu huisoma orodha, ikachora fomu. Kuongeza kitu katika orodha ni kuongeza kisanduku katika ukurasa. Mwaka 2008 ulianza mpango wa kutoa habari za malaria kwa simu za mkononi kutoka vituoni, na mwaka 2012 ukafuata mpango uitwao Coconut Surveillance. Kwa mpango huo habari ya mgonjwa aliyegunduliwa kituoni humfikia afisa wa wilaya katika kishikwambi chake, akaenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, akawapima waishio naye. Kisha ukaja mpango wa Jamii ni Afya, ambao serikali ya Zanzibar iliuanzisha pamoja na shirika la D-tree, na ambao uliwapa wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000, Unguja na Pemba, simu zenye kurasa za kuwaongoza wanapowatembelea wajawazito na watoto wachanga.

Yafaa msomaji ajue kurasa hizo za wahudumu huundwaje, maana wengi hudhani ni siri ya wachawi. Mwundaji hufungua jedwali la kawaida, lenye safu na mistari, kama daftari la duka. Kila mstari ni swali moja. Safu ya kwanza husema ni swali la namna gani: la kuandika neno, la namba, la tarehe, au la kuchagua jibu. Safu ya pili hulipa swali jina la kuitana na mashine. Safu ya tatu ina maneno yatakayosomwa na mtu, nayo yaweza kuwa na wenzake: safu moja ya Kiingereza, nyingine ya Kiswahili. Safu nyingine huweka sharti: swali hili lionekane ikiwa tu swali la juu limejibiwa ndiyo. Nyingine huweka mpaka: jibu lisizidi hapa, lisipungue pale. Jedwali likiisha hutiwa katika programu, na programu husema moyoni mwake neno moja tu: kwa kila mstari, soma sharti, likitimia, chora swali, lisipotimia, pita. Kwa neno hilo moja huzaliwa kurasa nyingi zisizofanana, kwa kadiri ya watu waulizwao.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Ukurasa wa karatasi huonyesha kila swali, hata lisilohusika. Mhudumu mwenye fomu ya karatasi huliona swali la kutoka damu, la kuumwa sana na kichwa, la kuona kiwi, la kuvimba uso na mikono, hata kama aliyesimama mbele yake hajambo. Hulipita kwa hiari yake. Ukurasa ujijengao hulificha swali kwa amri ya mtu mwingine ambaye hayupo. Ufichaji huo ni rehema uwekwapo sawasawa, kwa kuwa mhudumu hapotezi muda, na mama hachoshwi. Ukiwekwa vibaya ni kosa lisiloonekana. Maana jibu la uongo huweza kugunduliwa, lakini swali ambalo halikutokea haliachi alama. Hapana atakayesema, "Mbona hapakuulizwa?", kwa kuwa hapana aliyejua kwamba lilikuwapo la kuulizwa. Mstari mmoja wa sharti, ulioandikwa mbali na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, waweza kumnyamazisha mjamzito katika kila kijiji kwa siku moja.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwundaji wa ukurasa hulala juu ya vitanda vya watu wengi kwa fikira tu. Basi na akalale kwa mwili angalau usiku mmoja: aende Micheweni, akae uani, amtazame mhudumu akiuliza, aone ni wapi kidole kinapositasita. Kusitasita kwa kidole ni mtihani ambao hapana shule iwezayo kuutunga.

Baada ya sharti, jambo la pili lenye uzito ni lugha. Mafundi wengi hudhani kwamba kuutia ukurasa Kiswahili ni kuyaondoa maneno ya Kiingereza na kuweka mengine mahali pake. Kama ukurasa ungekuwa wa kitabu, dhana hii isingekuwa mbaya sana, kwa kuwa mfasiri huiona sentensi nzima. Lakini ukurasa ujijengao huziunga sentensi kama uungavyo visanduku. Fundi huandika nusu moja, "imehifadhiwa", na kuacha nafasi mbele yake ili jina la kitu chochote litiwe humo. Kwa Kiingereza kitenzi hicho kimoja kingefaa kwa mtoto, kijiji na nyumba. Kwa Kiswahili nyumba imehifadhiwa, lakini kijiji kimehifadhiwa, jina limehifadhiwa, majibu yamehifadhiwa, na mtoto ameandikishwa. Mashine isiyojua ngeli husema, "Kijiji imehifadhiwa," na msomaji hucheka au hukasirika.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo. Kanuni za lugha ambazo Unikodi imezikusanya, nazo hutumiwa na programu nyingi, huigawia Kiswahili hali mbili tu za idadi: moja, na zisizo moja. Kwa nusu ya kwanza ya kazi hili latosha: mtoto, watoto. Lakini pakitakiwa tarakimu isomwe kwa maneno, wawili si mbili wala viwili. Watoto wawili, nyumba mbili, vijiji viwili. Tena sita, saba na tisa hazishiki kiambishi chochote, ilhali nane hushika. Mtu aliyelelewa katika lugha hii hayafikirii mambo haya, kama asivyofikiri apumuapo. Mashine haipumui, yapaswa kufundishwa. Na dawa si ngumu. Ama kila jina katika jedwali libebe ngeli yake pamoja nalo, ili kitenzi kichaguliwe kwa haki. Ama sentensi ziandikwe nzima nzima, moja kwa kila kitu, na vipande visiungwe ovyo. Njia ya kwanza ni ya fundi aliye mwanalugha, ya pili ni ya fundi aliye mnyenyekevu. Zote mbili ni bora kuliko ya tatu, ambayo ni ya kuiacha lugha ivunjike kwa kuwa mashine haioni aibu.

Kuna saa. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapokuchwa. Saa moja yake ya asubuhi ni saa 7 ya kompyuta. Mama akisema alijifungua saa mbili usiku, na ukurasa ukawa na kisanduku kitupu kilichoandikwa "saa", mhudumu ataandika 2, na mashine itafahamu kwamba mtoto alizaliwa usiku wa manane. Tena kwa hesabu ya wazee, siku mpya huingia kwa magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule uitanguliao Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi. Haya si mambo ya mzaha. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kujifungua, na programu ndiyo ihesabuyo saa hizo ili impe mhudumu ukumbusho. Ikiwa mwanzo wa hesabu umekosewa kwa siku nzima, ukumbusho utakuja mapema au utakuja umechelewa, na kuchelewa kwake huenda kukawa ndiko kuchelewa kwa mama. Ukurasa unaouliza, "Asubuhi, mchana, jioni au usiku?" kabla ya kuuliza saa, na kisha kumwonyesha mhudumu siku na saa alizoziandika ili azithibitishe, hauongezi ila mguso mmoja au miwili, nao huokoa siku.

Kuna majina. Zanzibar mtu huitwa kwa jina lake, kisha la babake, kisha la babuye; na mwanamke akiolewa habadili jina lake kwa jina la mumewe. Ukurasa wenye visanduku viwili tu, jina la kwanza na jina la ukoo, humlazimisha kuchagua. Leo ataliandika la babake, mwezi ujao mhudumu mwingine ataliandika la babuye, na mtu mmoja atakuwa watu wawili katika daftari: mmoja aliyehudhuria kliniki mara moja akatoweka, na mwingine aliyejitokeza bila ya historia. Kisanduku cha tatu ni kazi ya dakika moja kwa fundi. Kukosekana kwake ni taabu ya miaka kwa wengine.

Na kuna alama moja ndogo, iliyo ndogo kuliko punje ya mchele. Wilayani Mkoani kuna mahali paitwapo Ng'ombeni. Katika lugha nyingi za kompyuta, alama ile iliyo baina ya ng na o ndiyo alama ya kufungua na kufunga maneno. Fundi mzembe aliunganishaye jina aliloandikiwa moja kwa moja na msimbo wake ataona programu ikifikiri kwamba neno limekwisha baada ya Ng, na yaliyobaki ni amri. Ukurasa huvunjika, au jina hukataliwa, na mwenyeji wa Ng'ombeni huambiwa kwamba mji wake umekosewa tahajia. Lakini ubaya hauishii hapo. Mlango ule ule uliokwama kwa jina la mtu mwema ndio upenywao na mwizi kwa hila: huandika katika kisanduku maneno yaliyofungwa kwa alama hiyo, kisha amri zake, na programu huzitii. Dawa ni moja kwa yote mawili, nayo ni kutenga daima kile alichokiandika mtu na kile anachokiamuru fundi, visichanganywe kamwe. Hivyo heshima kwa jina la mwenyeji na ulinzi dhidi ya mwizi ni kazi moja. Ni nadra katika dunia adabu na usalama kukaa katika nyumba moja kwa amani namna hii.

Huenda mtu akauliza kwa nini mambo haya yaandikwe katika jarida la lugha, si katika daftari la wahandisi. Jibu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia katika mashine, na hakitoki. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na tangu hapo istilahi zimeongezeka. Baraza la Kiswahili la Zanzibar na wenzake wa Bara wana kamusi na wataalamu. Lakini istilahi ni majina tu. Mtu aweza kujua majina ya vipande vyote vya jahazi na asijue kulifunga tanga. Sentensi zinazosemwa na mashine kwa watu kila siku, katika simu za wahudumu, wavuvi, wakulima wa karafuu na wanafunzi, hazitungwi na mabaraza. Hutungwa na kiolezo kilichoandikwa na fundi mmoja mbele ya kioo kimoja. Ikiwa wanalugha hawatakaa karibu naye, atakitunga peke yake, na watoto watajifunza ngeli kutoka kwa mashine isiyo na ngeli.

Kadhalika vijana wa Pemba hawana sababu ya kungoja. Kazi hii haihitaji kiwanda wala bandari. Jedwali lililoelezwa hapo juu hufunguliwa kwa kompyuta ya kawaida. Programu za kuligeuza kuwa kurasa hutolewa bure, pamoja na msimbo wake, kwa yeyote atakaye kuzitazama. Kijana wa Wete anayejua kwamba bibi yake husema saa mbili akikusudia saa 20 ana elimu ambayo fundi wa Oslo au wa San Francisco angeitafuta kwa gharama kubwa. Elimu hiyo aliipata bure, uani, kabla ya kujua kusoma. Iliyobaki kuipata, ya amri na masharti, ni ya kujifunza kwa saburi, nayo haina ubaguzi wa pwani na bara.

Ukurasa ujijengao ni mtumishi wa ajabu. Huja uitwapo, huvaa kwa kadiri ya mgeni, husahau kuchoka. Lakini ni mtumishi aliyefundishwa mara moja na kutumwa mara elfu. Kila alichofundishwa vibaya atakikosea mara elfu, kwa uso ule ule mkunjufu. Ndiyo maana uangalifu wote hutakiwa kabla ya kutumwa kwake, katika safu na mistari ambayo hapana aionayo ila aliyeiandika. Mhudumu wa Micheweni atapanda kilima, simu itapata mtandao, majibu yatakwenda zake. Yatakayofika ni yale tu yaliyopewa nafasi ya kuulizwa.